Mchango kwa wanafunzi wa chimbuko la binadamu: kodi inakaaje?

Wanajumuiya, poleni na baridi.

Kikundi chetu hapa Minneapolis kimebakiwa na fedha za mwisho wa mwaka. Kamati za harusi zimetosha. Safari hii tunataka kusaidia vijana wanaochimba mabaki ya binadamu wa kale Oldupai na Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mpwa wa mwenzetu anasoma uzamili wa akiolojia Dar. Tukimrushia kwenye simu, tunaweza kudai kwenye kodi?

Katibu

*

Kaka Katibu,

Mpwa mtumieni, tena mapema, ila kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, msiitaje. Fedha unayompa mtu uliyemchagua mwenyewe ni zawadi tu, hata awe na shida kiasi gani. Ukituma moja kwa moja kwa chuo au makumbusho ya nyumbani, kwa kawaida nayo haikatwi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Shirika liwe lile la 501(c)(3), yaani la hisani linalotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani. IRS wana ukurasa wa kulitafuta, bure.

Wengi wetu hatuorodheshi makato moja moja kwenye fomu ya kodi, tunachukua punguzo la jumla lililowekwa na sheria, ndiyo maana michango haikuwa ikitupunguzia kitu. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, asiyeorodhesha naye anaruhusiwa kukata hadi dola 1,000 za michango ya fedha, au 2,000 kwa mke na mume wanaojaza fomu moja. Mabegi ya nguo hayamo.

Ukitoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo, dai barua ya shirika. Karatasi ya benki haitoshi. Na kila mtu alipe kwa jina lake. Katibu akikusanya na kutuma yeye, risiti itamtaja yeye.

Dada yenu mhasibu, Columbus

*

Shikamooni wakubwa. Mimi nimo kwenye fani hii.

Angalieni Leakey Foundation ya California, shirika linalofadhili utafiti wa chimbuko la binadamu, lililoanzishwa 1968. Wana ufadhili uitwao Baldwin, kwa wanafunzi wa nchi ambako nafasi za masomo haya ni chache. Mpwa hamtampigia debe. Ataomba mwenyewe na kushindana.

Ada siyo inayotukwamisha zaidi. Ni gari la kwenda uwandani, posho za wachimbaji, vipimo vya umri wa miamba vinavyofanyika maabara za nje. Fuvu la Zinj, la zamadamu (jamii ya kale ya binadamu), aliloliona mtafiti Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959, liko Dar, lakini anayetaka kulilinganisha na visukuku (mifupa ya kale iliyogeuka mawe) vya Turkana, kaskazini mwa Kenya, lazima afike makumbusho ya Nairobi. Nakala za plasta hazionyeshi kila mkwaruzo. Nauli hiyo mwanafunzi huitoa wapi?

Mkenya Kamoya Kimeu aliokota kipande cha kwanza cha Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana wa kale, mwaka 1984 bila kusomea chuo kikuu. Jicho sisi wa nyumbani tunalo tangu zamani. Kwa maoni yangu, fedha ziwafuate wanaotaka kuandika matokeo kwa majina yao.

*

Sisi wa Uingereza tuna Gift Aid: kama unalipa kodi hapa, kila pauni unayochangia, shirika linadai nyongeza serikalini iwe 1.25. Anayelipa kodi ya daraja la juu anadai tofauti yake. British Institute in Eastern Africa, iliyopo Nairobi, imesajiliwa huku, ingawa kazi zake si za zamadamu peke yake.

Leicester

*

Ahsanteni. Tumekubaliana mafungu mawili: nauli ya mpwa kwenda Nairobi inatumwa kwa simu, hatudai chochote. Iliyobaki inarudishwa kwa wenyewe. Kila mmoja atalichangia shirika mwenyewe kwa kadi yake kabla ya 31 Desemba. Wenye waajiri wanaoongezea michango, ulizeni ofisini wiki hii.

Katibu