Momella bila ziwa, halafu mtu anatuambia "nunueni kalenda"

Wakuu, leo sina salamu. Yule mratibu wenu wa safari za kuchangishana, mnamjua, yule wa kofia ya kaki na "vijana tuijue nchi yetu", jioni hii mbele ya watu wazima na wake za watu ametamka hivi: "Mkitaka kuona flamingo, nunueni kalenda."

Kalenda!

Elfu 80 kwa kichwa. Kwenye kundi aliandika mwenyewe: kiingilio, Kosta, askari wa kutembea naye, mtumbwi Momella Ndogo, mchana pilau. Tulipofika geti la Ngongongare, la kuingilia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akashuka peke yake, dakika mbili, akarudi anachekacheka. Anayelijua geti lile anajua hawapokei fedha taslimu. Kila mtu atoe kitambulisho ili alipe kama mwananchi, itoke namba ya malipo, ulipe kwa simu au kadi, na gari nalo linalipiwa kwa uzito wake. Watu wote wale huwamalizi kwa dakika mbili hata uwe na mikono ya pweza.

Kumbe ametupitisha kama abiria wa Ngare Nanyuki, kijiji cha ng'ambo ya hifadhi! Barabara ile inakatiza hifadhini, magari ya kijijini yanapita kila siku, na anayepita tu hahesabiwi mtalii. Mnauvuka uwanda wa nyasi wa Serengeti Ndogo, mnaona pundamilia na nyati, mnatokea geti la Momella, basi. Kuzunguka maziwa lazima uchepuke kulia, na kuchepuka ndiko kunakolipiwa. Sisi tulinyooka kama mkaa wa magendo.

Tukauliza kwa adabu: kaka, maziwa je? Ndipo akatoa hiyo kalenda yake.

Na Momella si bwawa moja la kunyweshea ng'ombe. Kuna Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare, El Kekhotoito, na kila moja lina rangi yake, maana yanalishwa na maji ya chini ya ardhi yenye madini tofauti na mwani unaoota humo hutofautiana. Viboko watafute Momella Ndogo, na mtumbwi ni hukohuko. Flamingo anza na Momella Kubwa. Wanafuata mwani wa maji ya magadi, kwa hiyo leo wapo, kesho wamehamia Manyara au Natron. Angesema "leo wamehama" ningemwelewa. Hakusema wamehama. Alisema KALENDA.

Tena tuliondoka Kilombero, pale sokoni Arusha mjini, saa 5 kwa sababu alikuwa anajaza viti. Saa 5! Kilimanjaro ukitaka kuiona kutoka kule, uwe getini saa 1 asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Hela zetu zirudi. Kalenda akamtundikie mama mkwe wake.

chalii_wa_ngarenaro: Pole mkuu, ila na wewe hesabu ulipiga? Kosta ya siku nzima na mafuta, askari, mtumbwi na pilau kwa elfu 80? Pilau ya kuku au ya harufu?

MamaTengeru: Mwanangu, mratibu hakusanyi kiingilio. Kila mtu alipe mwenyewe na abaki na stakabadhi yake. Askari na mtumbwi vinalipiwa mbali na kiingilio, na vinaombwa mapema, hasa mkiwa kundi. Usikubali "nimeshaongea nao".

mleta uzi: Mama nimekusikia. Lakini KALENDA, mama?

mangi_wa_rombo: Nyie wa Arusha mnalia kwa kalenda. Mtu huyohuyo aliwapeleka watu wetu wa Moshi ziwa Chala akawaambia "ni matembezi mepesi, vaeni ndala". Chala ni kreta! Ukingo unashuka wima, kokoto zinateleza, na chini hakuna duka. Vaeni viatu vyenye meno, kila mtu abebe lita 3 za maji, na kupanda kuanze kabla ya saa 4 asubuhi, maana jua likishapiga ule ukuta ni tanuri. Na alikuwa anawahimiza waogelee. Mwaka 2002 mtu aliuawa na mamba mle ndani.

dada_himo: @mangi_wa_rombo umesahau mpaka. Unakatiza katikati ya ziwa, nusu Kenya. Yule jamaa alikuwa anawaambia "vukeni tu mpige picha upande wa pili". Upige picha bila pasi, halafu?

Noah_ya_Bluu: Mleta uzi, ungeshuka ukatembea mwenyewe.

mleta uzi: Nitembee? Kwa miguu bila askari mwenye bunduki, kwenye nyati wale? Soma uzi kwanza. Na bado hakuna aliyeniambia kalenda ni jibu la aina gani!

chalii_wa_ngarenaro: Ni jibu la mtu ambaye hela ameshakula.

Noah_ya_Bluu: Mngekwenda ziwa Duluti tu. Iko hapo Tengeru, msitu wa TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalizunguka ziwa lote kwa miguu, mitumbwi ipo.

MamaTengeru: Duluti msije na spika! Wikendi watu wanafungulia muziki mpaka mijusi kenge wanakimbilia majini, ndege ndiyo usiwataje.

dada_himo: Spika ni Arusha tu. Sisi kero yetu ni Kosta kuingia njia za udongo wakati wa masika. Udongo wa majivu ya volkano ukilowa, tairi kipara inazunguka palepale, abiria wanasukuma na nguo za kanisani.

Noah_ya_Bluu: Noah yenye tairi nzuri inapita.

mangi_wa_rombo: Noah haipiti. Tumbo lake liko chini, inakaa kwenye tuta la katikati na tairi zinaning'inia. Ukikutana nayo imekwama utahitaji jembe, mawe ya kutegea na watu 6.

mleta uzi: Jamani, mada!

Noah_ya_Bluu: Mangi, yangu nimeipandisha springi. Nakuja nayo Tarakea Jumamosi tuone kama itakwama.

mangi_wa_rombo: Njoo. Mafuta unaweka wewe.