Orodha iliyopangwa au kuusoma ukumbi: bendi ifuate ipi?

Mwimbaji wa Kinondoni
Wakuu, bendi yetu imepata mkataba wa kupiga kila Jumamosi kuanzia mwezi ujao. Kiongozi anataka orodha ya nyimbo iandikwe na ifuatwe ilivyo, ilhali mpiga gitaa la solo anataka nyimbo ziitwe palepale jukwaani. Naomba ushauri kabla ya mazoezi yajayo.

Besi ya Temeke
Ndugu, hujasema mnapiga wapi, kwa saa ngapi, wala mna nyimbo ngapi zilizoiva. Tutakushauri vipi?

Mkongwe wa Ilala
Mpiga solo yuko sahihi. Wimbo wa dansi wa hapa kwetu huanza kwa kuimbwa taratibu, kisha huingia chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezwa, na chemko hurefushwa au kukatwa kulingana na wachezaji waliopo ukumbini. Bendi za Msondo, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Sikinde, iliyoanzishwa mwaka 1978, hazikujenga mashabiki wake kwa karatasi.

Kinanda cha Mbagala
Shikamoo mzee wangu. Niliwahi kupiga harusini na bendi ambayo haikuwa na orodha yoyote. Kila wimbo ulipokwisha tuligeukiana kuulizana kinachofuata, na katika kimya hicho watu walirudi vitini. Kiongozi aliita nyimbo zote za sauti ya juu mwanzoni, kwa hiyo mwimbaji alikaukiwa sauti kabla ya keki kukatwa. Kisha zikafuatana rumba za mwendo uleule na ufunguo uleule, hata mimi niliyekuwa napiga nikashindwa kuzitofautisha. Mshereheshaji aliamua kuwasha muziki wa diski, na malipo yaliyobaki hatukuyapata.

Mkongwe wa Ilala
Marahaba. Hilo lilikuwa kosa la kiongozi, si la mtindo.

Gitaa la Sinza
Mnasahau kwamba watu wa Jumamosi watakuwa walewale. Mwaka 2017 bendi ya Phish ya Marekani ilipiga usiku 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, bila kurudia wimbo hata mmoja, na mashabiki walirudi kwa sababu hiyo.

Besi ya Temeke
Mashabiki wa Dar es Salaam si hao, kaka. Mtu anayepanda jukwaani kumtunza mwimbaji anataka wimbo wake, na Jumamosi ijayo ataudai tena.

Mwimbaji wa Kinondoni
Samahani kwa kuchelewa. Ni hotelini, kwa muda wa saa nne, na mwanzoni wageni watakuwa wanakula. Nyimbo zetu wenyewe ni chache; nyingi ni zilipendwa za kukopi.

Kinanda cha Mbagala
Basi pangeni saa ya chakula yote, halafu baada ya hapo mwacheni kiongozi achague kutoka nyimbo mlizofanyia mazoezi.

Mkongwe wa Ilala
Mimi naona tatizo ni hizo kopi. Bendi isiyo na vibao vyake haina cha kupanga.

Gitaa la Sinza
Mzee wangu, wageni wa hoteli huziomba zilipendwa hizohizo. Kwani bendi changa ikatae kuzipiga?