MREJESHO: Maji ya bomba Moroni na ukoko mweupe kwenye birika

Wapendwa, niliuliza kwa nini birika langu hapa Moroni linafanya ukoko mweupe na sabuni haitoi povu. Asanteni sana, jibu nimelipata. Ngazidja, kisiwa cha Komoro ulipo mji huu wa Moroni, haina mito ya kudumu. Mvua inazama kwenye mawe ya lava ya volkano ya Karthala, na karibu na pwani maji hayo matamu yanakaa juu ya maji ya bahari. Visima vikivutwa kupita kiasi chumvi inapanda, pamoja na magnesiamu na kalisiamu, madini yanayofanya ukoko na kuzuia povu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haitoki.

Ukoko umetoka kwa siki ya moto, ukabanduka vipande vipande. Kufua sasa natumia maji ya mvua ya kwenye tangi, na povu linajaa beseni! Ya kunywa nachemsha, maana ndege wanachafua paa.