Mrejesho: zinia na gazania zangu zimechanua

Ndugu zangu, mwezi Januari niliwauliza kwa nini zinia na gazania nilizozipanda chini ya mwarobaini, nyumbani kwangu Dodoma, zilikuwa zikirefuka kama fito bila kutoa ua, huku majani ya zinia yakifunikwa na unga mweupe. Mlinishauri nizipeleke penye jua la kutwa, nipunguze samadi na nimwagilie shinani badala ya kulowesha majani.

Gazania nilizihamisha jioni, nikazikinga kwa matawi siku chache za mwanzo, na zote zimeshika. Zinia, kwa kuwa mizizi yake haipendi kusumbuliwa, niliing'oa ile ya zamani na kusia mbegu mpya moja kwa moja kwenye tuta la uwanjani, nikiacha takribani sentimita 30 kati ya mche na mche ili upepo upite na kuvu ule wa unga mweupe usipate unyevu wa kuuendeleza. Baada ya wiki nane hivi maua mekundu na ya chungwa yalifunguka, nami nilifurahi mno.

Jambo moja lilinitia hofu: gazania zilijifumba siku nzima kulipokuwa na mawingu, nikadhani zinaumwa. Kumbe ndiyo tabia ya ua hili lenye asili ya kusini mwa Afrika. Hufumba usiku na jua linapofifia, kisha hufunguka tena likiwaka.

Mvua zimekwisha, na sasa ninamwagilia asubuhi mara mbili kwa wiki. Asanteni sana.