"Payed" katika daftari la meli: si kulipa, basi ni nini?

Kalamu ya Kibokoni
Wajuzi, natafsiri daftari la safari la meli ya tanga ya Kiingereza, la karne ya 18. Nimekwama hapa: "the seams were caulked and payed". "Caulked" naijua, ni kukalafati. Hiyo ya pili nilidhani karani kakosea "paid", nikaandika "na mafundi wakalipwa". Kurasa mbili mbele nakuta "breamed, and payed with tallow". Sasa shahamu inamlipa nani? Nitie neno gani?

Tezo na Keekee
Karani hajakosea. Ni vitenzi viwili vilivyogongana sauti tu. Cha pesa asili yake ni Kilatini, pacare, kutuliza: mdai ukimlipa hutulia. Hiki cha meli ni picare, kupaka lami, nacho kimepitia Kifaransa cha kale. Cha lami huandikwa "payed", cha pesa "paid", na matamshi ni yale yale.

Kazi yenyewe iko hivi. Nyuzi za kamba kuukuu zilizofumuliwa hushindiliwa baina ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Huko ni kukalafati, ila mafundi wa majahazi huku kwetu hutumia pamba na mafuta. Kisha huja lami iliyoyeyushwa motoni. Kwenye sitaha humiminwa juu ya mshono kwa upawa. Ubavuni hupakwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo, kwani ukimimina itachuruzika yote. Hapo ndipo "pay". Ikishapoa, iliyozidi hukwanguliwa. Mshono ukiwa na unyevu lami haishiki, hufanya mapovu ikabanduka. Na pasipo lami, nyuzi hunywa maji, huoza, huchomoka. Kwa hiyo usizifumbate hatua zote mbili katika "zikakalafatiwa". Ya pili itakupotea.

Pwani Mchana
Si utie tu "kupaka deheni", yakaisha? Kila ajuaye jahazi ataelewa.

Kamusi Kuukuu
Ataelewa kitu kingine, bwana. Deheni ni shahamu na chokaa, na mahali pake ni chini ya chombo, panapokaa majini. Haimwagwi kwenye mshono wa sitaha.

Maalim wa Kibokoni, tazama kila mara kinachofuata "with". "With pitch", andika lami. "With tallow", andika shahamu. Pasipotajwa kitu na mishono ndiyo inayozungumzwa, ni lami. Ile sentensi ya shahamu inakaribia sana deheni, nakubali, lakini chokaa haikutajwa. Ukiandika deheni umemtilia karani kiungo ambacho hakukitia.

"Breamed" ni kubabua. Meli hulazwa ubavu, matete au vichaka vikavu huwashwa karibu na tumbo lake, mafuta ya zamani yakalainika, kisha mwani na magamba yaliyoganda hukwanguliwa. Moto ukikawia mahali pamoja, ubao huungua na lami ya mishono huyeyuka, na kalafati inaanza upya.

Kalamu ya Kibokoni
Shukrani. Basi: "Mishono ilikalafatiwa, ikapakwa lami", na "Tumbo la meli likababuliwa, likapakwa shahamu". Imebaki moja: "payed out the cable". Nayo ina "y", nikaandika "wakaipaka amari lami", amari ikiwa ile kamba ya nanga.

Tezo na Keekee
La, hapo "y" imekuchezea. "Pay out" ni tawi la kile cha pesa: kutoa kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu noti. Mabaharia waliizoea "payed" wakaitumia hata kwa kamba. Andika "wakaiachia amari taratibu". Isiwe "wakaitupa": amari ikiachiwa kwa mkupuo hurundikana juu ya nanga, ikanasa, na nanga haishiki chini.

Kamusi Kuukuu
Na ukikutana na "she paid off", hakuna lami wala kamba. Ni omo ya meli, yaani sehemu yake ya mbele, kuuacha upepo na kuangukia upande wa demani, kule upepo unakoelekea. Mwenye sentensi ni meli, usimtafute mlipaji.