Urukususu na manjano kwa mgonjwa wa shinikizo la damu

Swali
Habari zenu. Mama yangu anameza dawa za shinikizo la damu, na sasa ameanza kunywa kila siku chai ya mizizi ya urukususu, inayotumika sana katika tiba asilia ya China, pamoja na maziwa ya manjano yanayosifiwa katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India. Je, vinamfaa?

Jibu la 1
Pole kwa wasiwasi, ndugu. Tafadhali mwombe mama aache urukususu kwanza, kwa sababu una kemikali iitwayo glisirizini, ambayo huufanya mwili kubakiza chumvi na kupoteza potasiamu, hivyo shinikizo likapanda hata kama dawa anazimeza ipasavyo. Mjulisheni daktari wake leo hii.

Jibu la 2
Naunga mkono. Manjano ya kiasi cha mapishi kwa kawaida hayana neno, ila vidonge vyake vyenye nguvu vimewahi kudhuru ini la baadhi ya watu.

Jibu la 3
Hata hivyo, tusizibeze tiba hizi. Katika karne ya 4, tabibu Ge Hong wa China aliandika kwamba mmea wa qinghao ulowekwe majini, kisha ukamuliwe na maji yake yanywewe. Hapo ndipo mwanasayansi wa China wa zama zetu, Tu Youyou, alipong'amua kwamba huenda joto la kuchemsha ndilo lililoharibu dawa iliyomo, akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na artemisinini, dawa ya malaria, ikapatikana. Alitunukiwa Nobel mwaka 2015.

Muulizaji
Asanteni sana. Mama amekubali kuacha urukususu, na kesho asubuhi tunakwenda kupima potasiamu.