Kikundi: Wazazi wa Nyika Ukonga

JUMATANO

18:02 Mama Neema: Habari za jioni wazazi. Mchujo wa mbio za nyika ni Jumamosi hii kule Pugu. Wasichana kilomita 6, wavulana 8. Haisi inaondoka sokoni saa 11 na nusu alfajiri. Nasema saa 11 na nusu, sio saa 12, jua likishapanda watoto wanakwisha. Kila mzazi aandike jina la mwanawe na atume elfu tatu. Dereva anataka idadi kesho.

18:03 Mama Neema: Naanza mwenyewe. Neema, nimeshalipa.

18:41 Mama Neema: Jamani mmesoma, naona tiki za bluu.

18:52 Kaka Mudi: Mimi nimezima tiki za bluu 😂

18:53 Mama Neema: Mudi andika jina la mpwa wako.

18:55 Kaka Mudi: Saidi. Hela tarehe 30.

18:56 Mama Neema: Mchujo sio tarehe 30.

19:14 Mama Neema: Kwa wale wasiofika uwanjani jioni, wajue tuna watoto wa kuangaliwa msimu huu. Baraka yuko kidato cha nne, huu ndio mwaka wake wa mwisho, na hapa Ukonga sijaona mvulana wa kumkaribia. Hosea amekuja kwa mjomba wake kutoka Mbulu, nyie wenyewe mnajua kule wanatoka wakimbiaji gani. Halafu Zainabu. Huyu msimchukulie poa. Haanzi kwa kelele, kilomita ya pili humwoni, ya tano yuko mbele yako. Kocha sema na wewe.

19:30 Kocha Sudi: Ni kweli. Zainabu hapotezi mwendo kwenye kupanda. Wengine wakifika kilimani wanabadilisha hatua, yeye anafupisha tu na kuendelea. Ndivyo alivyofanya Simbu kwenye marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo 2025, alimvumilia Mjerumani mpaka ndani ya uwanja. Wote saa 2:09:48, tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo.

19:31 Kaka Mudi: Siku ile nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa 😂😂

19:33 Dada Asha: Tulikusikia mpaka huku Gongo la Mboto

19:36 Mama Baraka: Asante kwa kumtaja mwanangu. Anaondoka mbele tangu filimbi kama Bayi, wala hasubiri mtu. Mungu amtangulie.

19:38 Kocha Sudi: Wazazi kuna jambo. Jana Hosea alikuwa anachechemea. Anasema muundi unamuuma, unauma hata akiwa amekaa. Nani yuko karibu na kwa mjomba wake amwangalie leo?

19:39 Kaka Mudi: Mpeni ugali wa Mbulu, huu wa sembe ya Dar haumfikii miguuni

19:39 Dada Asha: 🤣🤣🤣

19:41 Mama Salma: Mudi wewe 🤣 Salma yumo, elfu tatu nimetuma

19:44 Mama Neema: Nimeiona Mama Salma, ubarikiwe. Mama Zainabu? Baba Rehema?

20:50 Mama Neema: Wasichana tunao watatu. Neema, Zainabu, Salma. Tunahitaji wa nne. Baba Rehema upo?

ALHAMISI

06:12 Baba Rehema: Safari hii kiti kipo?

06:15 Mama Neema: Baba Rehema tusirudi Kibaha tafadhali.

06:17 Baba Rehema: Mimi sijataja Kibaha.

06:20 Dada Asha: Ila hata mimi ningependa kujua viti vinagawanywa vipi

06:21 Dada Asha: Ujumbe huu umefutwa

06:24 Mama Neema: Asha nimeusoma kabla hujafuta. Walioingia kwenye gari siku ile walikuwa ndugu za watu wote, sio zangu peke yangu.

06:31 Baba Rehema: Siku ile ya Kibaha mtoto alivaa jezi tangu saa 10 usiku. Akarudi nyumbani na mfuko wake mkononi, gari limejaa mashabiki. Timu ikakimbia na wasichana watatu, haikuhesabiwa. Mama yake akatoka humu kikundini siku hiyo hiyo, na mpaka leo hakuna aliyekwenda kumwona.

06:33 Mama Baraka: Kwani jezi za msimu huu ni zile za kijani au tunashona mpya?

06:35 Kaka Mudi: Za kijani zimebaki za mashabiki

06:36 Mama Neema: MUDI.

09:48 Mama Zainabu: Samahani jamani nilikuwa kazini. Zainabu yumo.

12:30 Mama Neema: Dereva amenipigia mara mbili. Watu saba tu ndio wamejibu.

13:05 Mzee Bakari: Wanangu, nimesoma yote tangu jana.

Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Ile ilikuwa mita 1500 juu ya uwanja tambarare. Pugu kuna mchanga na vilima, na ni kilomita 8. Baraka akiondoka vile atawapa wenzake mgongo wa kufuata. Kocha amwambie leo, sio Jumamosi.

La pili. Mnahesabu nyota. Nyika ya timu huhesabiwa kwa nafasi, wanne wa kwanza wa kila timu, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Wenu akiwa wa 1, wengine wakawa wa 12, wa 15 na wa 40, mna 68. Wenzenu wasio na nyota hata mmoja, 6, 8, 9 na 11, wana 34. Huyo wa nne ndiye wa kumwangalia msimu huu, na jina lake mnalijua.

La tatu. Mtoto anayeumwa mfupa hapandi gari. Hosea aende hospitali, nauli nitatoa mimi. Mfupa ukiwa na ufa akaukimbilia kilomita 8, unaweza kuvunjika kabisa, na msimu wake ukaishia hapo.

La mwisho. Mama Neema, nenda kwa mama yake Rehema. Usipige simu.

13:07 Kocha Sudi: Shikamoo Mzee. Nimekuelewa.

13:40 Mama Salma: 🙏🏾

14:22 Kaka Mudi: Shikamoo babu. Mimi nitampeleka Hosea, nina pikipiki leo. Na hela ya Saidi nimetuma.

15:10 Mama Neema: Shikamoo Mzee. Nimesikia.

17:55 Mama Neema: Nimetoka kwa Mama Rehema. Tumeongea, mengine yatabaki kwetu wawili. Amesema hajakataa. Amesema mtoto mwenyewe anakimbia kila jioni huko nyuma ya reli na Salma, sisi hatujui.

17:58 Mama Salma: Ni kweli. Salma anasema Rehema anamwacha siku hizi.

18:01 Kocha Sudi: Na mimi sijaambiwa?

18:20 Kaka Mudi: Wamempiga picha Hosea, daktari amesema apumzike, turudi wiki ijayo. Analia kidogo. Nimemnunulia juisi.

18:22 Mama Neema: Ahsante Mudi. Mungu akubariki.

18:23 Mama Neema: Mashabiki hawapandi haisi mpaka wakimbiaji wote wakae. Naandika hapa ili kila mtu aone. Atakayetaka kushangilia apande daladala.

18:40 Mama Baraka: Hata mimi mama yake?

18:41 Mama Neema: Hata mimi.

19:15 Mama Neema: Dereva anataka idadi leo. Baba Rehema, naandika jina?

20:37 Baba Rehema: Nimefika nyumbani sasa hivi. Mama yake amelala. Niachie mpaka asubuhi.

20:38 Mama Neema: Dereva hatanisubiri mpaka asubuhi.

20:52 Mama Neema: Nimemwambia dereva kiti kimoja nakilipia mimi, atakuja asije. Baba Rehema jezi yake ni namba ngapi?